Barua ya kuidhinishwa kwa msaada wa chakula Marekani: maswali ya wanaowasaidia jamaa wakiwa Nairobi

Familia nyingi za Kayole, Githurai, Umoja na Eastleigh zina shangazi, mjomba au ndugu aliyehamia Houston, Louisville, Phoenix au Grand Rapids. Ameomba msaada wa chakula, Kiingereza cha ofisini kinampiga chenga, na anayemsomea barua ni kijana aliye Nairobi na simu mkononi. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka pande zote mbili za simu.

## Mambo ya msingi

SNAP ni nini, na mbona shangazi anaiita jina jingine?

SNAP ni mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuzisaidia familia zenye kipato kidogo kununua chakula. Hadi 2008 jina lake rasmi lilikuwa stempu za chakula, na wengi bado wanauita hivyo ingawa stempu za karatasi zilikwisha zamani. Siku hizi pesa huingia kwenye kadi ya EBT, inayotumika dukani kama kadi ya benki.

Sheria kuu hutungwa Washington, lakini kazi yenyewe hufanywa na majimbo. Kila jimbo lina tovuti yake, mtindo wake wa barua, na pengine jina lake la mpango: CalFresh huko California, FoodShare huko Wisconsin, 3SquaresVT huko Vermont, Basic Food katika jimbo la Washington. Kwa hivyo kabla ya kutafuta chochote, muulize jamaa yako anaishi jimbo gani na, ikiwezekana, kaunti gani.

Barua ya kuidhinishwa hueleza nini hasa?

Hutaja kiasi cha kila mwezi, tarehe msaada unapoanza na unapokwisha, watu wa nyumba hiyo waliohesabiwa, kipato kilichotumika kwenye hesabu, mabadiliko ambayo familia inalazimika kuyaripoti, na namna ya kukata rufaa. California huiita “Notice of Action”. Kwingine kichwa huwa “Notice of Eligibility”, “Approval Notice” au “Notice of Decision”. Ukiona nambari ya kesi, kiasi cha dola na tarehe mbili za kipindi, umeipata.

Hutoka baada ya siku ngapi?

Uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 30 tangu ombi lilipopokelewa. Wenye shida ya haraka hupewa msaada ndani ya siku 7. Hao ni, kwa mfano, wenye kipato ghafi chini ya dola 150 kwa mwezi na fedha taslimu na za benki zisizozidi dola 100, au wale ambao kodi ya nyumba pamoja na umeme na maji inazidi kipato na akiba yao.

Hesabu huanza siku ombi lilipofika ofisini, hata kama mahojiano yalifanywa wiki mbili baadaye. Ikiwa ombi lilipokelewa tarehe 2 na leo ni tarehe 5 ya mwezi unaofuata, una sababu ya kumwambia apige simu kuuliza.

Tovuti imeandika “Approved”. Bado tunahitaji barua?

Ndiyo, itafuteni. Neno hilo halisemi ni pesa ngapi, kwa ajili ya nani, wala hadi lini. Hutokea nyumba ya watu watano ikaidhinishwa kwa watu wanne kwa sababu cheti cha mtoto mmoja hakikusomeka, na juu ya skrini ni “Approved” tu. Kosa kama hilo huonekana ndani ya barua, na siku za kulilalamikia huhesabiwa kutokana nayo.

## Kuingia na kuipata

Naweza kuingia kwenye akaunti yake nikiwa Nairobi?

Usijaribu kuingia mwenyewe. Baadhi ya tovuti za majimbo hukataa mtu anayeingia kutoka nje ya Marekani: ukurasa haufunguki, au unakuambia huna ruhusa. Hata ukifunguka, msimbo wa kuthibitisha hutumwa kwenye simu ya shangazi, na ukikosea mara kadhaa akaunti hufungwa. Kuzunguka kizuizi kwa VPN ni kumtafutia matatizo mtu ambaye jina lake ndilo lililo kwenye akaunti.

Njia iliyo salama ni ashike simu yake yeye, nawe umwelekeze. Mpigie video kwa WhatsApp, mwambie abonyeze alama ya kushiriki skrini, kisha umsomee kila hatua: “Bonyeza mistari mitatu juu, shuka chini, neno la nne.” Anapoandika nywila, asimamishe kwanza kushiriki skrini. Kazi hii huchukua muda na inakula bando, lakini akizoea mara mbili, mara ya tatu atafanya mwenyewe.

Tovuti ya jimbo lake ni ipi?

Texas wanatumia YourTexasBenefits, California BenefitsCal, Kentucky kynect, Michigan MI Bridges, Pennsylvania COMPASS, Georgia ni Georgia Gateway, Illinois ABE, Massachusetts DTA Connect, Arizona Health-e-Arizona Plus. Jiji la New York lina ACCESS HRA, lililo tofauti na tovuti ya maeneo mengine ya jimbo la New York.

Usiipate kwa kubonyeza tangazo la kwanza la Google. Zipo kurasa za kibiashara zinazofanana na za serikali, zinazokusanya majina na nambari za simu. Wala usitegemee “.gov” peke yake, kwa kuwa tovuti halali za Texas na California huishia kwa “.com”. Anwani ya kuaminika ni ile iliyochapishwa kwenye barua yoyote ya zamani kutoka ofisi hiyo. Kama hana barua, anzia fns.usda.gov, ambako kuna orodha ya ofisi za majimbo yote.

Ndani ya tovuti, tubonyeze wapi?

Tafuta “Notices”, “Letters”, “Correspondence” au “Message Center”. Huwa ndani ya “My Case”, “My Benefits” au “Manage My Case”. Sehemu iitwayo “Documents” mara nyingi ni ya karatasi ambazo familia ilituma, kwa hiyo msipoteze saa nzima humo.

Ameingia, lakini hakuna barua hata moja. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu yake ya kawaida ni kwamba akaunti haijaunganishwa na kesi. Kufungua akaunti kwa barua pepe na nywila ni jambo moja. Kuiambia tovuti kwamba mwenye akaunti ndiye mwenye kesi fulani ni hatua ya pili, na wengi hawaifanyi, hasa kama ombi lilijazwa kwa karatasi au na mhudumu wa shirika lililowapokea. Tafuteni “Link my case” au “Add my case”. Itauliza nambari ya kesi, tarehe ya kuzaliwa, na mara nyingi tarakimu nne za mwisho za nambari ya hifadhi ya jamii (Social Security).

Kuunganisha kukikataa, angalia mambo haya kwa mpangilio. Kwanza, tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari, nayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta ya ofisi hata kama nyumbani mnajua alizaliwa Agosti. Aandike ile iliyo kwenye hati zake za Marekani. Pili, jina. Majina matatu hugawanywa vibaya, na jina la baba likaishia pahali pa jina la kwanza. Nakilini herufi kwa herufi kutoka kwenye barua au hati. Tatu, mkuu wa kaya. Kesi huandikwa kwa jina la mtu mmoja, na katika tovuti nyingi ni yeye tu anayeona barua. Ikiwa ombi liliandikwa kwa jina la mjomba, akaunti ya shangazi itabaki tupu.

Kama kesi imeunganishwa na bado hakuna kitu, angalieni kichujio cha tarehe, kwani baadhi ya tovuti huonyesha miezi michache tu hadi ubadilishe. Ikiwa uamuzi umefanywa leo, subirini siku moja au mbili, maana barua nyingi hutengenezwa usiku na mfumo. Na kuna tovuti za kutumia ombi tu, zisizoonyesha barua kabisa. Hapo iliyobaki ni posta au simu.

Barua ipo, lakini ikibonyezwa hufunguka ukurasa mweupe.

Barua hizo ni faili za PDF zinazofunguka kwenye dirisha jipya, na simu huzuia madirisha mapya. Aruhusu madirisha ibukizi kwenye mipangilio ya kivinjari, au ashikilie kiungo kwa kidole kisha achague kupakua. Asifungue kupitia kivinjari kilicho ndani ya Facebook au WhatsApp. Anakili anwani aiweke kwenye Chrome au Safari.

Akishaipakua, akutumie faili yenyewe badala ya picha ya skrini. Picha humeza ukurasa wa pili na wa tatu, na humo ndimo hesabu na rufaa zilimo. Ukiichapisha saiba, futa faili kwenye mashine yao kabla ya kuondoka, na pia kwenye barua pepe uliyoitumia kuituma. Ina nambari ya kesi, anwani na kipato cha familia.

Aliambiwa hatatumiwa tena barua kwa posta. Sasa zinakwenda wapi?

Alichagua, au alichaguliwa wakati wa kujaza, kupokea kwa njia ya mtandao. Anachopata ni barua pepe fupi ya kusema kuna barua mpya. Barua yenyewe hubaki kwenye akaunti. Mkasa wa kawaida ni kwamba anwani ya barua pepe ilifunguliwa na mtu mwingine siku ya ombi na hakuna anayeikumbuka. Kama haisomi barua pepe kila wiki, abadilishe irudi posta. Ni sehemu ya mipangilio iitwayo “Go paperless” au “Communication preferences”.

Tupige simu ofisini saa ngapi za Nairobi?

Saa mbili asubuhi ya New York au Louisville ni saa tisa alasiri Nairobi wakati wa saa za kiangazi huko, na saa kumi jioni wakati wa baridi. Houston ni saa moja zaidi: saa kumi, au saa kumi na moja jioni. Phoenix haibadilishi saa, hivyo ni saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Katika majimbo mengine karibu yote saa hubadilika Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Jihadharini na saa za Kiswahili. Barua ikisema mahojiano ni “2:00 PM”, ni saa nane mchana. Ukimwambia shangazi “saa mbili” atasubiri simu usiku, mahojiano yatakuwa yamepita, na barua itakayofuata itakuwa ya kukosa mahojiano.

## Kuisoma

Tarehe kwenye barua zinasomwaje?

Mwezi hutangulia. 03/04/2026 ni tarehe 4 Machi, wala si 3 Aprili kama tunavyoandika Kenya. Kosa hili limewafanya watu kukosa siku za mwisho kwa mwezi mzima. Unapomtafsiria, taja mwezi kwa jina.

Mbona mwezi wa kwanza pesa ni kidogo?

Mwezi wa ombi hulipwa kuanzia siku ombi lilipopokelewa. Chukua nyumba ya watu wanne ambayo kipato chake, baada ya makato yanayoruhusiwa, ni dola 1,000. Kiwango cha juu cha watu wanne katika majimbo 48 ya bara, kuanzia Oktoba 2025 hadi Septemba 2026, ni dola 994. Asilimia 30 ya kipato hicho ni dola 300, hivyo msaada wa mwezi mzima ni dola 694. Ombi likipokelewa tarehe 16, hulipwa nusu: dola 347. Barua huonyesha viwango vyote viwili, na anayesoma mstari wa kwanza tu hudhani amepunjwa.

Kama hata kiasi cha mwezi kamili hakilingani, nendeni kwenye ukurasa wa hesabu mkague mambo mawili: idadi ya watu, na kodi ya nyumba. Kodi iliyosahauliwa inaweza kuupunguza msaada sana.

“Pending”, “Denied” na “Closed” zina tofauti gani?

“Pending” maana yake bado wanasubiri kitu, na kwa kawaida ipo barua nyingine inayotaja ni karatasi gani na mwisho wake lini. “Denied” ni ombi lililokataliwa. “Closed” au “Terminated” ni msaada uliokuwepo na sasa umesimamishwa.

Kukataliwa kwa sababu ya karatasi zilizokosekana hakumaanishi kuanza upya moja kwa moja. Karatasi zikifika ndani ya siku 60 tangu siku ya ombi, kesi hufunguliwa tena bila fomu mpya, ingawa pesa za siku zilizopotea kwa uzembe wa familia hazirudi.

Tuna barua mbili za wiki moja na zinapingana.

Angalia tarehe ya kutolewa, kisha tarehe ya kuanza kutumika. Iliyotolewa baadaye ndiyo inayotawala, lakini kwa miezi inayoitaja tu. Jambo hili hutokea sana Septemba na Oktoba, kwa kuwa viwango vya nchi nzima hubadilishwa kila tarehe 1 Oktoba. Pia hakikisha zote mbili ni za chakula, kwani ofisi hiyohiyo hutuma barua za bima ya matibabu ya Medicaid zenye nembo na nambari ya kesi ileile.

Barua imefika lakini kadi haina pesa.

Kadi husafiri kwa posta katika bahasha nyeupe isiyo na mapambo, na wengi huitupa wakidhani ni tangazo. Ikipatikana, kwa kawaida huweka nambari ya siri kwa kupiga nambari ya simu iliyo nyuma ya kadi. Baada ya mwezi wa kwanza, pesa huingia siku moja maalum ambayo kila jimbo hupanga kwa njia yake, mara nyingi kwa tarakimu ya mwisho ya nambari ya kesi. Salio husomwa kwa kupiga nambari hiyohiyo ya nyuma ya kadi.

Anaweza kupata barua kwa Kiswahili?

Tovuti nyingi ziko kwa Kiingereza na Kihispania. Hata hivyo, ofisi inatakiwa kumpa mkalimani bila malipo. Akipiga simu aseme maneno mawili, “Swahili interpreter”, kisha asubiri kwenye laini. Mtoto wa darasa la tano asifanywe mkalimani wa hesabu za kipato. Makosa yake humrudia mama.

## Hali zisizo za kawaida

Barua inasema msaada umesimamishwa kwa sababu ya hati za uhamiaji. Ni kweli?

Inawezekana. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliondoa makundi kadhaa ya wahamiaji, wakiwemo wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajawa wakaazi wa kudumu. Raia na wakaazi wa kudumu wamebaki kwenye orodha ya wanaoweza kustahiki. Kwa hiyo, kama jamaa yako alikwishapata kadi ya kijani na ofisi bado ina hati yake ya zamani, apeleke nakala ya kadi mara moja. Watoto waliozaliwa Marekani ni raia, na wanaweza kuendelea kupata hata kama wazazi wameondolewa. Barua ikifunga nyumba nzima wakati kuna mtoto raia, ni jambo la kuulizia siku hiyohiyo, na la kumpelekea wakili wa msaada wa kisheria wa bure katika kaunti yake.

Tukiona kosa, rufaa ina muda gani?

Siku 90 tangu uamuzi. Lakini kama barua inapunguza au kufunga msaada uliokuwepo, kuna muda mfupi ulio muhimu zaidi: kwa kawaida barua hutolewa siku 10 kabla ya mabadiliko kuanza, na akiomba rufaa kabla ya siku hiyo, anaweza kuendelea kulipwa kiwango cha zamani hadi asikilizwe. Akishindwa, atadaiwa alichozidishiwa. Ndiyo sababu tunasisitiza faili lote litumwe siku ile ile linapoonekana.

Amepata ujumbe mfupi unaosema “bonyeza hapa uone barua yako”.

Asibonyeze. Afungue tovuti mwenyewe kwa anwani anayoijua. Hakuna ofisi ya SNAP inayoomba nambari ya siri ya kadi, iwe kwa ujumbe, kwa simu au kwa barua pepe. Kama ameshaitoa, abadilishe nambari ya siri kwanza, kisha ndiyo apige simu kulalamika. Pesa zilizoibwa baada ya 20 Desemba 2024 hazirudishwi kwa fedha za serikali kuu, kwa hiyo hizo dakika tano zina uzito.

Shule na kampuni ya simu zinataka uthibitisho. Barua hii inatosha?

Kwa kawaida inatosha, mradi kipindi chake hakijaisha. Watoto wa nyumba inayopata SNAP hustahiki chakula cha bure shuleni, na familia hustahiki punguzo la simu la Lifeline. Tovuti nyingine hutoa pia barua fupi ya uthibitisho isiyo na hesabu za kipato. Mpe mwenye kuiuliza hiyo fupi.

Amehama kutoka Arizona kwenda Texas. Barua mpya itatokea kwenye akaunti ya zamani?

Hapana. Lazima kesi ya Arizona ifungwe, na ombi jipya lifanywe Texas kwa akaunti mpya. Hawezi kupokea majimbo mawili kwa mwezi mmoja. Apakue barua ya kufungwa kabla hajasahau nywila ya Arizona, maana Texas wataiuliza.

Mama amekuja Nairobi kwa matanga. Barua imetoka akiwa huku, afanye nini?

Kadi ya EBT haifanyi kazi nje ya Marekani, na kumwachia jirani aitumie kujinunulia ni kosa. Aliyebaki nyumbani na aliyehesabiwa kwenye kesi anaweza kununulia nyumba chakula. Kama anaishi peke yake, pesa zitakaa kwenye kadi. Hufutwa zikipita siku 274 bila kutumika, kwa hivyo safari ya wiki tatu haina shida hiyo.

Kinachoumiza ni barua zinazomtaka ajibu. Huenda tovuti isifunguke hapa (tazama swali la kuingia ukiwa Nairobi), na laini yake ya Marekani huenda haipokei msimbo. Kabla ya kupanda ndege amwachie mtu anayemwamini kazi ya kufungua sanduku la posta na kumpigia picha kila bahasha ya ofisi hiyo. Kama ameshafika bila kupanga hivyo, apige simu ofisini saa za Nairobi zilizotajwa juu, aombe muda zaidi wa kuleta karatasi, na aandike jina la aliyemjibu, tarehe na saa. Akikawia zaidi ya mwezi, aeleze kwamba yuko nje ya nchi. Jimbo litaamua kama bado anahesabiwa mkaazi, na jibu litakuja kwa barua nyingine.